Mtu wa Kumi

Nateete, Kampala
9 Februari 2025

Yaya Emérence,

Salamu zangu zikufikie wewe, dada yangu mkubwa, na shemeji Elie na binti yenu Huguette, pamoja na yule paka wenu anayelala juu ya Biblia. Mimi ni mzima. Nimenenepa kidogo, upande wa mbele tu. Marlène alifika Jumanne na vitenge vyake vya kuuza akanikabidhi barua yako, unga wa muhogo na maharage. Unga umeshaisha. Maharage niliyaweka kwa ajili ya wageni, na kwa kuwa wageni hawaji nayala mwenyewe nikijiita mgeni.

Umeniuliza mara mbili kazi yangu ya hapa ni ya nini hasa, na mara mbili nimekujibu kuwa ni kazi ya ofisi. Ofisi yenyewe ni meza moja yenye miguu mitatu na tofali. Mimi ni katibu wa kikundi cha ushonaji, hapa nyuma ya soko la Nateete. Mafundi wake ni watu wenye ulemavu. Mwenyekiti ni Mama Babra, ambaye haoni, lakini akishika kitambaa kwa vidole viwili anakwambia kama muuzaji amekudanganya. Mkataji ni Akullo, binti wa askari kutoka Lira, aliyekulia kambini, na kwa hiyo Kiswahili chake ni cha amri. Alipoteza mguu mmoja kwa bomu la kutegwa ardhini akiwa msichana. Anasimama kwenye meza ya kukatia tangu asubuhi, mkongojo kwapani, mkasi mkononi, na sijawahi kumwona akikata mstari uliopinda.

Mimi walinichukua kwa sababu mbili. Naandika vizuri, na, kama alivyosema Mama Babra siku ya kwanza, "tunahitaji mtu mmoja mzima wa viungo vyote, wa kuzunguka maofisini." Hiyo ndiyo sifa yangu kuu, Yaya. Nimezunguka mpaka soli za viatu zimeomba likizo.

Sasa habari kubwa. Serikali imetenga sehemu ya manunuzi yake kwa vikundi kama chetu. Hospitali ikihitaji shuka, basi fungu fulani linunuliwe kwa watu wenye ulemavu, lisiende lote kwa matajiri wa mjini. Hospitali moja ya serikali imetangaza tenda ya shuka mia nne. Tulichukua fomu. Fomu ikasema kikundi kiwe na watu kumi wenye ulemavu. Tukahesabu, tukapata tisa.

Tumehangaika wiki mbili. Mama Babra alipiga simu hadi Kyebando kumtafuta fundi wa zamani, akaambiwa amehama. Kila asubuhi tulikaa mezani, wao tisa na mimi, tukiumiza vichwa tutampata wapi mtu wa kumi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika majina na kuyakata. Mwishowe tukamkumbuka mzee Kidega, mwenye mkono mmoja, aliyekuwa amestaafu na kurudi Gulu kwa mbuzi wake. Alikuja kwa basi, amenuna kutoka Gulu hadi Kampala, akaweka dole gumba kwenye fomu, akasema mbuzi wake wakifa tutajibu mbele ya Mungu. Kesho yake akarudi.

Fomu imekwenda. Tuombeeni.

Mdogo wako,
Guerschom

Butembo
2 Machi 2025

Mumbere, mdogo wangu (hilo Guerschom nawaachia watu wa Kampala),

Tuko salama, kwa kipimo cha hapa. Barabara ikifungwa tunakaa, ikifunguliwa tunakwenda sokoni. Shemeji yako mgongo unamsumbua, lakini amepanda ngazi anapaka ukuta rangi, kwa sababu Huguette amemaliza masomo ya uuguzi na kuna familia kutoka Lubero imetuma neno. Baada ya Pasaka watakuja kujitambulisha. Kwa hiyo kila kitu ndani ya nyumba hii kinasuguliwa, na mimi nimo.

Barua yako nilimsomea Elie. Alicheka nilipofika kwenye mbuzi. Mimi sikucheka. Nimeisoma tena peke yangu.

Mlimtafuta mtu wa kumi wiki mbili. Mlimtoa mzee wa watu Gulu kwa basi. Na wewe ulikuwa umekaa pale pale mezani, na sikio la kushoto ambalo halijasikia kitu tangu surua ya utotoni, na la kulia linalosikia nusu. Na kalamu ilikuwa mkononi mwako.

Hawajui?

Nakuuliza kwa karatasi kwa sababu nikipiga simu utaniambia mtandao ni mbaya. Miaka kumi na moja sasa mtandao wa Kampala ni mbaya kwako peke yako. Marlène hunipigia kutoka huko huko na namsikia mpaka anavyotafuna.

Mimi yaya wako,
Emérence

Nateete
30 Machi 2025

Yaya,

Nafurahi kusikia habari za Huguette. Mwambie mjomba wake anamtafutia kitenge, na ikiwa huyo kijana wa Lubero ana mdomo mrefu nitakuja kumkalisha chini mwenyewe. Pole kwa mgongo wa shemeji. Mimi kwa sasa naumwa shingo tu, kwa kuinama sana kwenye karatasi za ushindi.

Ndiyo, tumeshinda tenda. Kulikuwa na mkutano wa wote walioomba, hospitalini, katika ukumbi wenye feni ya dari inayonguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Mama Babra alikuwa na homa, nikaenda peke yangu, nimevaa lile koti la harusi ya mtu mwingine. Ofisa wa manunuzi anaitwa Ogwal, mwanajeshi wa zamani, mrefu, na ana masharubu mazito kiasi kwamba mdomo wenyewe huuoni. Sijui kwa nini mtu wa serikali aruhusiwe kufuga masharubu ya namna hiyo. Alieleza kwa Kiingereza, na Kiingereza chake kilinipita kama boda isiyo na breki. Bahati nzuri akatugeukia sisi wa vikundi, akarudia kwa Kiswahili cha kambini.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Karatasi zilisema shuka ziwe na upana wa sentimita mia moja na hamsini. Lakini hospitali imepata vitanda vipya, vipana zaidi, kwa hiyo akatuambia tufute, tuandike mia moja na sitini. Nikafuta, nikaandika. Wengine walimwomba arudie. Mimi sikuomba. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akilitarajia jambo hilo tangu wiki iliyopita, na Ogwal akaniangalia kwa heshima. Walisema pia kwamba maandishi ya mkutano yatabandikwa mlangoni kwa asiyekuwepo. Mimi nilikuwepo. Kwa nini niende kusoma mlangoni kitu nilichokaa nacho saa nzima?

Jioni nilimwandikia Akullo vipimo kwenye karatasi. Tunapeleka mia mbili za kwanza mwanzoni mwa Juni na zilizobaki mwisho wa mwezi huo. Mashine zinaunguruma. Jumapili Mama Babra alinishukuru mbele ya watu, nikasimama na kusema maneno machache. Yalikuwa mengi.

Kuhusu uliyoniuliza, usijali. Niko vizuri.

Guerschom

Butembo
4 Mei 2025

Mumbere,

Wale watu wa Lubero walikuja. Walikula, walisali, waliangalia ukuta, waliangalia meno ya binti yangu. Mama wa kijana aliuliza maswali kuhusu ukoo wetu, nani aliugua nini, nani alikufa na nini. Niliyajibu. Siku hizi mbili silali vizuri, sijui ni kwa nini.

Hongera kwa tenda. Nimeifurahia kweli, nimeisema hata kanisani. Lakini sasa nisikilize, na kwa kuwa hii ni karatasi huna njia ya kunitabasamia.

Ulipokuwa mtoto nilikuwa nikikutuma mayai sita dukani kwa mama Kavira, unaleta tisa. Nikikutuma tisa, unaleta sita. Hukuwa mjinga. Kwako maneno hayo mawili yalikuwa sauti moja. Kama yule mtu ana masharubu, na kama feni ilikuwa ikinguruma, je, alisema sitini, au alisema tisini? Nenda kasome hiyo karatasi ya mlangoni. Nenda kabla mkasi haujaingia kwenye kitambaa.

Kuna jambo lingine nilikuwa nimeliandika hapa chini, mistari mitano. Nimelikata. Unaona nilivyolikata, wino umetoboa upande wa pili.

Marlène amesema anaondoka kesho, kama barabara itakubali.

Emérence

Nateete
15 Juni 2025

Yaya,

Barua yako ya Mei imenifikia jana. Marlène alikwama wiki tano kwa sababu ya barabara, na barua ilikwama naye, imekunjwa ndani ya kitenge cha maua. Niliisoma nimesimama. Halafu nikakaa. Salamu zenu zote nimezipokea, nami nawasalimu, na huo ndio mwisho wa habari njema.

Alisema tisini.

Ijumaa ya tarehe sita tulikodi pikapu tukapeleka shuka mia mbili, zimepigwa pasi, zimekunjwa, zimefungwa kumi kumi kwa utepe wa buluu ambao niliununua mimi kwa ajili ya uzuri. Ogwal akachukua moja, akaenda nayo kwenye kitanda kipya, nikamfuata na koti langu. Akaitandika. Akavuta upande huu, godoro likachungulia upande ule. Akavuta ule, likachungulia huku. Muuguzi mmoja akaja kumsaidia. Wakawa wanavutana kama watoto wawili wenye blanketi moja, na mimi nimesimama hapo natabasamu, kwa sababu uso wangu ulikuwa bado haujapata taarifa.

"Katibu," Ogwal akasema, na safari hii alinisogelea na nilimsikia vizuri, "nilisema mia moja na tisini. Iko mlangoni mpaka leo. Rudisha hizi. Tarehe ya mwisho haibadiliki."

Tukazirudisha zote, na utepe wake.

Sasa nakuja mahali ambapo kalamu inakataa. Tulikaa kikao. Mama Babra akauliza, "Kipimo kilitoka wapi?" Akullo akasema, "Kwenye karatasi ya Katibu. Ilikuwa mia sitini." Karatasi yenyewe ilikuwa imeshatupwa na mabaki ya vitambaa. Mama Babra akanigeukia. "Katibu, wewe ulikuwepo. Uliandika nini?"

Nikasema, "Niliandika tulichoambiwa."

Ni hayo tu, Yaya. Maneno mawili, ukitoa aibu. Nilichoambiwa ni tisini, kwa hiyo kila mmoja akaelewa kwamba niliandika tisini, na kwamba Akullo ndiye aliyeisoma tisa akaiona sita. Abwola, fundi wa cherehani ya pili, akasema kwa upole kwamba ukisimama upande wa pili wa meza tisa hugeuka sita. Wote wakakubali. Ilikuwa maelezo mazuri sana. Hata mimi nilikaribia kuyaamini. Akullo hakubisha. Alisema, "Mimi niliona sita," mara moja tu.

Wamemtoa kwenye mkasi. Sasa anapiga pasi. Anayekata ni Anena, ambaye ana moyo mzuri na mistari yake inakwenda kama njia ya mbuzi. Kazi inasuasua, na tarehe thelathini iko karibu.

Najua utakachoniandikia. Ningeweza kukuandikia mimi. Lakini wakijua, nitakuwa nani hapa? Walinichukua kwa sababu ya masikio. Na huku, Yaya, watu wengi wanabadilisha l na r wanavyotaka, hata mwenye masikio manne hupotea. Naona nimeanza tena kujitetea. Niache niishie hapa.

Guerschom

Butembo
6 Julai 2025

Mumbere wangu,

Sikusalimu kwanza. Salamu zipo mwishoni, ukifika.

Ile mistari mitano niliyoikata, naiandika sasa.

Ulipopona surua ulikuwa na miaka saba. Sisi nyumbani tulijua kabla yako. Na wewe umekuwa ukisema, hata kwenye harusi ya binamu yetu ulisema, kwamba yaya wako alikufundisha kusoma midomo ili wasikufukuze shule. Watu wakanipigia makofi. Nilikaa na makofi yale miaka yote.

Haikuwa kwa sababu ya shule. Mwalimu wako alikuwa mtu mwema, angekuweka dawati la mbele na mambo yangekwisha. Ni kwamba ukoo wa Elie ulikuwa unakuja kuniangalia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Walikuwa wakiuliza kila nyumba: kwenu kuna kifafa, kuna kiziwi, kuna kilema? Nilikuchukua nyuma ya jiko, wiki mbili, kila siku. Nikakuambia kaa upande wa kushoto wa watu, ili sikio zima liwaelekee. Wakicheka, cheka. Wakikuuliza neno, tabasamu na utikise kichwa. Ukikosea nilikufinya. Walipokuja, mama mkwe wangu alisema, "Huyu mtoto ana adabu, hasemi ovyo." Nikaolewa.

Na baada ya hapo sikukuambia kwamba mchezo umekwisha. Ungeweza kuacha siku iliyofuata. Nilikuona unaendelea, darasani, kanisani, mpaka ukavuka mpaka nao, na kila mwaka nilikuwa na sababu ya kunyamaza. Uongo uliomtia yule binti kwenye pasi niliushona mimi. Wewe umeuvaa tu.

Hii haikuondolei kosa lako. Kamwambie. Lakini ukienda, jua kwamba hukuzaliwa nao.

Nimemweleza Elie. Alitoka akapaka ukuta rangi mara ya pili. Halafu nikawatumia neno watu wa Lubero: niliwaambia hakuna kiziwi kwetu, nilisema uongo, mjomba wa binti hasikii sikio moja na nusu. Huguette mwenyewe ndiye aliyeandika ujumbe. Mpaka leo hawajajibu. Usiku nalala.

Salamu nyingi, mdogo wangu.

Yaya wako

Nateete
17 Agosti 2025

Yaya Emérence,

Nakusalimu kwa muda mrefu leo, sina haraka. Msalimie shemeji, na umwambie ukuta huo sasa unatosha. Msalimie Huguette kwa heshima, maana nimeona ameniwakilisha vizuri kuliko mimi. Afya yangu ni njema, na safari hii nina karatasi ya daktari inayosema ni njema wapi na wapi si njema.

Barua yako ilinikuta nimeshasema. Nataka ujue hilo. Ingekuwa ni wewe uliyenisukuma, ungekuwa umenifinya tena. Nilipofika kwenye wiki zile mbili nyuma ya jiko niliikunja, nikaifungua tena. Kisha nikakumbuka kwamba ulikuwa unanipa kipande cha muwa kila nikifaulu, na kwamba nilizipenda siku zile, kwa sababu nilikuwa na yaya wangu peke yangu. Sasa sijui nizikasirikie vipi. Nimejaribu, nimeshindwa. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi nina thelathini na tisa, na Akullo hakuwa anakuja kuniposa.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe ishirini na tatu Juni. Akullo aliingia amevaa miwani. Mikubwa, ya plastiki nyeusi. Alikwenda moja kwa moja kwenye pasi. Nikamuuliza ni ya nini.

"Nilikwenda kupimwa macho Kibuli," akasema. "Daktari anasema ni mazima. Nikamwambia anipe hata hii ya kusomea. Mtu anayeona sita mahali pa tisa hawezi kuwa mzima."

"Inakusaidia?"

"Inaniumiza kichwa. Lakini nitaizoea." Alikuwa akinyoosha shuka, hakuniangalia. "Mguu nilishauzoea, Katibu. Macho sikuyatarajia. Mtu mwenye mguu mmoja akikosa na macho, atakata nini?"

Yaya, nimekuandikia mengi ya kujicheka, lakini hapa sikuwa na la kucheka. Mwanamke mwenye macho mazima alikuwa amelipia miwani kwa sababu yangu, na alikuwa akiogopa giza ambalo mimi ndiye niliyelitunga.

Nikamwambia, "Vua hiyo miwani."

"Kwa nini?"

"Sita niliandika mimi. Macho yako ni mazima. Masikio yangu ndiyo mabovu. Hili la kushoto limekufa na la kulia linasikia likipenda. Ogwal alisema tisini, mimi nikasikia sitini, na sikuomba arudie kwa sababu huwa siombi."

Alisema kitu. Sikukisikia. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Kampala nilisema, "Sikusikia." Akakirudia, taratibu, kwa Kiswahili cha kambini, na sitakiandika kwenye barua inayopita mikononi mwa Marlène.

Niliwaita wote nikasema mbele yao. Mama Babra alinisikiliza mpaka mwisho. "Nilikuwa najiuliza," akasema, "kwa nini mtu akianza kuongea sauti yako hugeuka kama jogoo anayetafuta jua. Nilidhani ni dharau." Abwola ndiye aliyekasirika hasa. "Tulimtoa mzee Gulu," akasema. "Tulimtoa mzee Gulu, na wewe ulikuwa hapo unaandika." Alilisema mara tatu, na kila mara lilinistahili. Wengine walitaka niondoke siku hiyo hiyo. Mama Babra akasema nitaondoka shuka zikiisha, kwa sasa nishike pasi.

Basi nikashika pasi. Akullo akarudi kwenye mkasi bila miwani, akanyoosha mkono, Anena akampa, na sauti ya ule mkasi kwenye kitambaa niliisikia hata mimi. Hakusema nami siku tatu. Alikuwa akiniwekea vitambaa mezani kama mtu anayemwekea mbwa chakula. Tulifanya kazi wiki nzima. Kitambaa kilichobaki kilitosha shuka mia moja na themanini za upana wa kweli.

Tarehe thelathini tulizipeleka, Mama Babra, Akullo na mimi. Nilimweleza Ogwal kila kitu. Nilitegemea pengine moyo wake utalainika. Akasikiliza, akajikuna masharubu, akasema, "Pole. Lakini tenda haina sikio. Nilizopokea ni mia moja na themanini, zilizobaki nazitangaza upya." Akatandika moja. Ilifunika godoro na kuingia chini pande zote mbili. Muuguzi akapitisha kiganja juu yake akasema, "Hii imekatwa na mtu anayejua." Mama Babra akamuuliza Akullo kwa sauti kama amesikia. Akullo akasema amesikia.

Zile nyembamba tuliziuza hapa Nateete kwa wazazi wa watoto wa bweni, vitanda vya shule ni vidogo. Hasara ilikuwepo, siifichi. Mishahara ya Julai ilichelewa kwa kila mtu, na wangu ndio uliochelewa zaidi, kwa haki.

Shuka zilipoisha nilikusanya vitu vyangu, kalamu mbili na kikombe. Mama Babra akaniuliza nakwenda wapi. Nikamkumbusha alichosema. Akasema alichosema ni kwamba katibu mzima wa viungo vyote aondoke, na huyo ameshaondoka. Wakanituma kupimwa, nikapimwa, nikapewa karatasi yangu, na sasa niko kwenye orodha. Mzee Kidega amejulishwa kwamba dole gumba lake limepumzishwa. Alijibu kwamba mbuzi ni wazima, kasoro mmoja, na kwamba huyo mmoja ni juu yangu.

Wiki iliyopita hospitali ile ile ilitangaza tenda ya mapazia ya wodi. Kwenye mkutano nilikwenda na Akullo. Sasa ni sheria ya kikundi: yeye asikie, mimi niandike, kisha yeye asome nilichoandika. Nilikaa mbele kabisa. Nilinyanyua mkono mara nne kusema "rudia tafadhali," mpaka mwenye kampuni moja kubwa akaguna. Ogwal alirudia mara zote nne. Mara ya nne aliandika tarakimu ubaoni, kubwa kama mlango.

Tulirudi kwa miguu kutoka kituo cha teksi, taratibu, kwa mwendo wa mkongojo. Nilihamia upande wake mwingine ili sikio la kulia limwelekee. Akaniuliza kwa nini nazunguka kama kuku. Nikamweleza. Akasimama.

"Kwa hiyo miaka hii yote, jioni tukifunga, nikikaa upande wako wa kushoto, ulikuwa husikii?"

"Hata neno."

"Na ulikuwa unatikisa kichwa."

"Huwa natikisa."

"Niliwahi kukuuliza kama umeoa," akasema. "Ukatikisa kichwa ndiyo, ukacheka. Nikakuuliza tena mwaka uliofuata, labda amekufa. Ukacheka zaidi."

Yaya, nilisimama barabarani na boda tatu zikanipigia honi, hilo Akullo ndiye aliyeniambia baadaye. Nikamwomba aulize tena sasa hivi, upande huu. Akasema hapana, hiyo tenda ilishafungwa, nisubiri itakapotangazwa upya, na watakaoomba wawe wametimiza masharti. Akaendelea kutembea. Lakini alitembea upande wa kulia.

Nimeanza kufua mashati yangu yote mawili. Jumapili ijayo nipigie simu. Mtandao ni mzuri. Nikisema sikusikia, rudia.

Mumbere wako,
Guerschom